Shamba la Mgeni

Kemirembe alikuwa akimenya papai bichi la kuwachemshia watoto wakati lori la serikali liliposimama mbele ya kibanja chake. Nyuma ya nyumba, palipokuwa na migomba tangu enzi za baba mkwe wake, palibaki udongo mtupu na mibuni iliyoungua kwa kukosa kivuli.

Mnyauko, ugonjwa wa migomba, ulikuwa umeingia mwaka uliopita. Ambrose, bwana shamba, alikuja kwa miguu kwa sababu pikipiki ya ofisi haikuwa na mafuta, akawaamuru wanakijiji wang'oe migomba yote, mizima na migonjwa, wangoje miche safi. Kemirembe aling'oa. Edgar, mumewe, alienda Kaisho kutafuta kibarua na hakurudi. Miche haikuja. Walipouliza, waliambiwa fedha za kilimo hazijashuka. Walipouliza tena, waliambiwa zilishuka, zikamalizia ukuta wa ofisi.

Sasa lori lilikuwa limejaa miche.

"Una bahati, mama," alisema Edith, mtendaji wa kata, akishuka. "Kibanja chako kiko barabarani. Kesho mkubwa kutoka Dodoma anakuja kukagua mradi."

"Mradi upi?"

"Huu. Chimba mashimo."

Alichimba mpaka viganja vikachubuka. Alipanda, kisha akashuka bondeni kuchota maji, akanyweshea mche mmoja mmoja. Jioni ile watoto walikula papai lao wakibishana mkungu wa kwanza utakuwa wa nani, naye hakuwanyamazisha.

Kesho yake mgeni aliwasili na msururu wa magari. Alisimama katikati ya miche, viatu vyake vikiwa vimefunikwa vumbi jekundu, akashika kipaza sauti. Bajeti ya kilimo imepanda, alisema. Uchumi unakua. Watu wakapiga makofi. Kisha akamgeukia Kemirembe.

"Mama, umeyaona matunda ya serikali yako?"

Kiswahili kilimkimbia Kemirembe, akajibu kwa Kinyambo, haraka, akinyoosha mkono kuelekea vibanja vya majirani vilivyobaki vitupu. Alisema miche hii imekuja jana. Alisema wenzake wote hawajapata hata mmoja, na watoto wanalala njaa.

Mgeni alimtazama Edith.

"Anaishukuru sana serikali, mheshimiwa," alisema Edith. "Anasema hata majirani wamefurahi."

Makofi tena. Wazee wa mstari wa mbele, wote Wanyambo, waliangalia chini.

Magari yalipoondoka kwenda kwenye chakula, lori lilirudi. Vijana wawili waliruka chini na majembe, wakaanza kung'oa miche.

"Mnafanya nini?"

Ambrose alishuka upande wa dereva bila kumtazama. "Mama, mgeni akimaliza kula anakwenda kukagua mradi Kihanga."

"Si mmenipa mbele ya watu wote?"

"Nani kakuambia umepewa?" Edith alikuwa akifuta vumbi kwenye simu yake. "Hii ni ya maonyesho."

"Basi yetu iko wapi?"

Aliyejibu ni Ambrose, kwa sauti ndogo, "Iliyonunuliwa ni hii tu, mama. Fedha zilizobaki zilikwenda kwenye mahema na mapokezi."

Kemirembe alipiga magoti, akaukumbatia mche uliokuwa karibu na mlango. Mgambo mmoja aliyekuja na lori alimvuta mabega. Hakuachia. Mgambo alimkunjua vidole, akavuta tena, na mche ukakatika katikati, majani yakabaki kifuani mwake.

"Umeharibu mali ya serikali!" Edith alipiga kelele. "Mpandishe. Kituo cha polisi kiko njiani."

"Madam, ana watoto," alisema Ambrose.

"Na wewe panda, kazi haijaisha."

Walimketisha nyuma ya lori, katikati ya miche, mgambo akiwa amemshika kiwiko. Watoto walikimbia nyuma wakilia mpaka vumbi likawafunika. Udongo wa kibanja chake uliokuwa kwenye mizizi ulipukutika miguuni mwake kila lori liliporuka shimo.

Kabla ya kufika kituoni dereva alipunguza mwendo. "Tushushe miche kwanza, mgeni asitukute," alisema.

Kando ya barabara, pale Kihanga, kulikuwa na kibanja kingine kitupu. Mwanamke aliyejifunga khanga kiunoni alikuwa akimalizia kuchimba shimo. Alipoona majani ya kijani yakichungulia juu ya lori, alitupa jembe, akapiga kigelegele, akaja mbio akicheka, mikono yote miwili mbele.

"Karibuni, waitu, ndugu zetu! Karibuni! Tumewangoja mno!"