Pipa na Mchumi

Kinyozi alikuwa na gari dogo la petroli aliloliita Mchumi, na dada yake mkunga alikuwa na jitu la dizeli linalovuta kwa magurudumu yote manne. Hilo Kinyozi alilibatiza Pipa. Kila mteja aliyekaa kwenye kiti chake lazima aondoke na habari kwamba Mchumi hunusa tu mafuta, ilhali Pipa huyabugia.

"Likienda safari moja na langu," alisema, "litakunywa mara mbili. Na hapo nimelionea huruma."

Maneno hayo yalimfikia mkunga, maana kinyozi hana siri. Hakubisha. Alimwambia tu mdogo wake kwamba Jumamosi anampelekea mama yao kabati kule mlimani, kisha anarudi naye mjini akapimwe macho. Basi waongozane, wajaze matangi pomoni kabla ya kuondoka, wajaze tena wakirudi, na pampu ndiyo iamue.

Jumamosi ilipofika, kabati likapanda Pipa, na watoto wa nyumba zote mbili wakaona raha iko huko huko. Kinyozi akabaki na mkewe peke yake. Alitoa gurudumu la akiba na jeki akaviacha nyumbani, akazima kiyoyozi, akafunga vioo vyote kwa sababu upepo, alieleza, hulivuta gari nyuma. Akaendesha kana kwamba amekanyaga yai. Malori yalimpita. Mwenye baiskeli aliwapita mlimani, akageuka kuwatazama kwa masikitiko. Mkewe alijipepea kwa ncha ya mtandio hadi mkono ukachoka, mumewe akimwomba avumilie, sayansi ina gharama zake.

Walipofika, mke alishuka ameloa jasho kama nguo iliyotoka kwenye beseni. Wakati wa kurudi alipita mbele ya Mchumi kama hamjui mwenyewe, akapanda Pipa, akakaa karibu na wifi yake na kushusha kioo mpaka mwisho.

Kinyozi alifurahi moyoni: uzito umepungua. Furaha hiyo ilidumu mpaka mama yake alipolitazama Pipa kuanzia matairi hadi paa, akauliza kama anatakiwa kupanda gari au dari. Magoti yake hayataki. Akaingia Mchumi, na nyuma yake vikaingia cherehani ya chuma, gunia la viazi na mitungi miwili ambayo hakuwa tayari kutengana nayo.

"Na uwashe hiyo baridi yako," alisema akifunga mkanda. "Nimesikia gari lako linayo."

Mama ni mama. Akaiwasha.

Mteremko wa kwanza ulikuwa mtamu. Baada ya daraja la bondeni, barabara ilianza kupanda mlima wa pili kuelekea mjini, na injini ndogo ikaanza kulalama. Kinyozi alishusha gia hadi ya tatu, ya pili, kisha ya kwanza, na sauti ya Mchumi ikawa ya mbuzi anayevutwa kamba. Mbele yao Pipa lilipanda kwa mngurumo ule ule mzito, kama mtu anayepanda ngazi huku akiwaza mambo mengine.

Mama hakuona ubaya wowote. Alitazama nje, akacheka peke yake.

"Hapa ndipo tulipoisukuma pikipiki ya baba yako," alisema. "Aliizima kila mteremko ili asichome mafuta. Siku hiyo mafuta yakaisha kwenye mwinuko. Nikajua nikiolewa na huyu sitakufa njaa, ila nitatembea sana."

Kinyozi alimgeukia. Baba yake alifariki yeye akiwa bado hajaota meno, na hadithi hiyo hakuwahi kuisikia. Alisahau pampu. Aliuliza mama alisema nini siku hiyo, nani aliwasaidia, baba alivaa nini. Na mama akajibu kimoja kimoja, gari likijikokota.

Kwenye kituo cha mafuta, Pipa lilimeza lita kumi na tatu. Mchumi, tisa na nusu.

"Umenishinda, mdogo wangu," mkunga alisema kwa upole uliozidi kipimo. "Mimi nilibeba kabati na ukoo mzima. Ila ile mara mbili siioni. Labda imebaki kwenye bomba la pampu."

Mkewe Kinyozi alicheka hadi akaegemea mlango. Kinyozi alikuna kichwa, akakiri kwamba gari dogo likibebeshwa mzigo mlimani hujifunza kunywa kama wakubwa. Hakuona uchungu aliotarajia.

Mkunga alimfungulia mama mlango, akamshauri ahamie Pipa kwa kipande kilichobaki, atamsaidia kupanda.

Mama hakutikisika. "Nyinyi tangulieni," alisema. "Huyu anaendesha polepole, na bado sijamwambia tulivyofika kwa babu yake tumejaa matope."