Bwana Kiti Ameanza Kutembea

Mtaa mzima ulimwita fundi saa Bwana Kiti, na jina lilimkaa barabara. Alikuwa mtu wa kupanda pikipiki kwenda kwa kinyozi, na kinyozi mwenyewe yuko nyuma ya duka la dawa, karibu kiasi kwamba ukipiga chafya anakuombea afya. Chumvi ikiisha, alikuwa radhi ale chakula chapwa kuliko kuvuka barabara. "Miguu si ya kuchezea," alisema. "Ikiisha, haina spea."

Sasa mtu wa namna hiyo alipoanza kutoka kila jioni kwa miguu yake miwili, akiaga kwamba anakwenda kunyoosha mgongo, mkewe alikuwa na haki ya kuingiwa na wasiwasi. Nani asingeingiwa?

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa mahali pake pa kazi. Mshonaji hana haja ya kumuuliza mtu alikotoka. Anatazama pindo la suruali. Pindo la Bwana Kiti lilikuwa limejaa mbigili. Mtaani kwao hakuna mbigili, kuna lami na mitaro. Mbigili ziko ng'ambo ya reli, kwenye uwanja wa kiwanda kilichofungwa, mwendo wa kumtoa mtu jasho. Alizichomoa moja moja, kila moja akiipa jina: hii ya yule muuza vitambaa, hii ya yule mjane mwenye mashine ya kusaga.

"Mume wangu, jana mgongo uliunyooshea wapi?"

"Hapa hapa, mke wangu. Nilizunguka mtaa."

"Mtaa gani huo wenye mbigili?"

Bwana Kiti akakohoa, akaomba chai.

Jirani yao muuza mkaa, ambaye hajawahi kuona cheche asiipulize, alipoambiwa alipiga makofi. "Shoga, wangu alianza hivyo hivyo! Kwanza matembezi, halafu manukato."

Lakini Bwana Kiti hakujipaka manukato. Alifanya jambo baya zaidi: alibeba mkate. Kila jioni alikata kipande kinene, akakifunga kwenye gazeti na kukitia mfukoni akidhani haonekani. Manukato yangekuwa afadhali. Mwanamume anayepeleka mkate mahali, huko tayari ana nyumba.

Kisha akaleta shati la kahawia lililochakaa kola. "La mzee mmoja, mteja wangu. Hana wa kumshonea."

Mkewe aliifumua kola ile, akaigeuza upande usiochakaa ukaja juu, akaishona kwa uzi wa buluu kwa kuwa wa kahawia ulikuwa umekwisha. Alishona huku moyo ukimchemka. "Mzee gani huyu? Mkwe wako mpya?"

Bwana Kiti akaacha kutafuna.

"Nakwambia mapema," alisema mkewe. "Baba yangu alimwacha mama kitandani akiumwa, akaenda zake. Aliporudi tulikuwa tumeshazika, na nilimwambia mbele za watu asikanyage kwangu tena. Hajakanyaga mpaka leo. Na wewe ukinitoka, ni hivyo hivyo. Sitakuita."

Alisema kwa ukali, lakini usiku ule hakupata usingizi. Alimpenda yule mvivu wake. Aliogopa kubaki kwenye nyumba ile na cherehani peke yake.

Jioni iliyofuata mume alipoaga tu, yeye akaacha gauni la mteja chini ya sindano, akajitupia mtandio na kumfuata. Hakufika mbali. Kwenye kona, nje ya karakana ya seremala, Bwana Kiti alikutana na mwanamume aliyekaa juu ya gogo, amevaa koti, amempa mke mgongo. Akamshika mkono, akamwinua, wakaondoka pamoja. Huyo ndiye kuwadi, mke akajiambia, ndiye anayempeleka.

Kuwadi yule alikuwa akiburuta mguu. Walivuka reli taratibu, wakaingia kwenye mbigili, na kila walipokwenda kidogo walisimama apumue. Mke aliwafuata akijificha nyuma ya ukuta wa kiwanda, roho mkononi, akingoja mwanamke ajitokeze. Hakujitokeza mtu. Walikaa juu ya jiwe, mkate ukatolewa, na yule mwenye mguu mbovu akavua koti kwa joto.

Kola ya kahawia. Uzi wa buluu.

Alitoka nyuma ya ukuta bila kujijua. Mzee akageuka, mkate mdomoni. Alikuwa baba yake, amekonda, ndevu nyeupe.

"Mke wangu, ngoja nikueleze," alianza Bwana Kiti.

"Usimgombeze, mwanangu," alisema mzee, akihangaika kusimama. "Sijakanyaga kwako. Naishia pale kwa seremala. Pale cherehani yako inasikika. Nikiisikia najua u mzima, narudi zangu. Leo ilinyamaza ghafla, nikahofu unaumwa."

"Nilimkuta pale kwenye gogo," alisema Bwana Kiti, akitazama viatu vyake. "Anatoka huko mbali kwa mguu huo. Nikaona haifai mtu aje kwetu, arudi bila wa kumsindikiza."

Hasira ya mke kwa ajili ya mama yake bado ilikuwepo, nzito vile vile, na hakutaka kujidanganya kwamba imekwisha. Lakini aibu nayo ilimchoma, na huruma ikamwingia. Alichuchumaa mbele ya baba yake, akaanza kuchomoa mbigili kwenye pindo la suruali yake.

"Mnasindikizana nini?" alisema mwishowe, bila kuinua uso. "Mtu hata hajafika."

Mzee akafunika uso kwa gazeti la mkate. Mwanawe akasimama, akamshika mkono upande wa mguu mbovu, akamgeuza kuelekea walikotoka.

Walipofika barabarani Bwana Kiti alisimamisha pikipiki, na kwa mazoea akarusha mguu apande.

"Shuka," alisema mkewe. "Hiyo ni ya baba. Wewe utatembea na mimi."