Dakika Tatu za Enid Thackray

Kila asubuhi, saa mbili kasoro dakika ishirini, Enid Thackray alifunga mlango wa nyumba yake, akausukuma mara moja kuhakikisha umeshika, kisha akafuata Njia ya Tenter kwenda kazini. Ilikuwa njia ya miguu tu, nyembamba kiasi kwamba watu wawili wanene hawakuweza kupishana bila kuombana radhi. Ilipita nyuma ya bustani za nyumba za matofali, ikakatiza uwanja walikokuwa wakianika vitambaa vya sufu enzi za viwanda, ikaibukia kwenye ukuta wa makaburi. Kutoka hapo zilibaki ngazi kumi na nne tu mpaka mlango wa nyuma wa ukumbi wa halmashauri. Madiwani waliingia kwa mlango wa mbele. Yeye, Mtendaji Mkuu wa Mji wa Harbeck, aliingia kwa nyuma na viatu vyenye matope, na hakuna aliyewahi kumwuliza.

Jumatano hiyo ya Oktoba alifika kwenye geti la kuingilia uwanja ule, akanyoosha mkono kusukuma huku mawazo yake yako kwenye kikao cha jioni. Geti halikwenda. Akasukuma tena. Ndipo alipouona mnyororo mpya unaong'aa, na kufuli kubwa kama ngumi ya mtu mzima.

"Usijisumbue, kipenzi. Mimi nimeshasukuma mpaka bega limelalamika."

Alikuwa Bi Ivy Garside wa nyumba ya mwisho mtaani, mwenye miaka themanini na minne, ameketi juu ya ukuta mfupi na maua ya njano yaliyofungwa kwenye gazeti. Kila Jumatano alimpelekea maua marehemu mumewe, Harold.

"Limefungwa lini?" Enid aliuliza.

"Unaniuliza mimi? Si wewe ndiye mwenye mji?"

"Mji si wangu, Bi Garside."

"Haya. Basi aliye na mji wake aje anibebe, maana kuzunguka kwa barabara kuu ni maili mbili, na yale malori hayaoni vizee." Akayatazama maua yake. "Harold atadhani nimepata bwana mwingine."

Enid alicheka kidogo, kisha akaligeuza kufuli mkononi. Alijua mnyororo ulikotoka. Uwanja ule ulikuwa mali ya Bwana Crossfield, na Crossfield alikuwa akiuuza kwa watu waliotaka kujenga kiwanda cha magodoro. Jioni hiyo halmashauri ingeamua kama Njia ya Tenter ni haki ya umma, iingizwe kwenye ramani ya mji, au ni uwanja wa mtu ambao watu wameuzoea tu. Crossfield hakusubiri. Mtu hufunga geti asubuhi akishajua jioni itasemaje.

"Leo jioni mnakaa kikao," alisema Bi Garside. "Utasema lolote?"

"Mimi huwa sisemi. Wanaoamua ni madiwani. Mimi naandika taarifa."

"Nimeisoma taarifa yako. Maktaba wanayo. Nimeisoma mara tatu, na miwani na bila miwani." Bibi alimtazama bila ukali, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Sikuweza kujua uko nasi au uko nao."

Enid alizunguka kwa barabara kuu akiwa na maua ya Bi Garside mkononi, ameahidi kuyafikisha. Malori yalimpita yakimrushia maji ya mvua kwenye koti. Aliyaweka maua kaburini kwa Harold Garside, akafika kazini amechelewa kwa mara ya kwanza tangu mafuriko ya mwaka sabini na nane.

Alikuwa ameingia ofisi ile akiwa na miaka kumi na sita, mpiga chapa mwenye soksi zilizoshonwashonwa, binti wa mfagia barabara wa halmashauri hiyohiyo. Jioni alisoma sheria kwenye chuo cha mji wa jirani, akirudi kwa basi la mwisho. Akawa karani, akawa mwanasheria, akawa naibu, na siku walipompa kiti kikubwa gazeti la mji liliandika zaidi kuhusu kofia yake kuliko kuhusu kazi yake. Alipanda kwa kujifunza jambo moja vizuri kuliko wanaume wote waliomzunguka: mtumishi wa halmashauri hana upande. Wengine wanachaguliwa, yeye anashauri. Kwa hiyo taarifa zake zote, kwa miaka mingi, zilikuwa na sentensi kama "madiwani huenda wakaona vyema kutafakari". Ukikutana na sentensi hiyo huwezi kumgombeza aliyeiandika, wala huwezi kumshukuru.

Noreen, karani wake wa miaka ishirini na miwili, alimpokea na chai na uso wa msiba.

"Bosi, umelowa kama paka wa mferejini. Na kuna kitu kimeletwa jana jioni ulipokwishaondoka. Kaa kwanza ndipo usome."

Ilikuwa hati ya kiapo ya Bwana Crossfield. Enid aliisoma akiwa amesimama.

Sheria ilikuwa nyepesi. Watu wakiipita njia miaka ishirini mfululizo bila kuzuiwa, njia inakuwa yao. Lakini mwenye ardhi akiifunga hata siku moja kila mwaka, waziwazi, hesabu inakatika, na haki haizaliwi kamwe. Wenye mashamba wote wa upande huo waliijua hila hiyo. Sasa Crossfield alikuwa ameapa kwamba kila Krismasi, tangu mwaka sitini na tano, alifunga geti la Tenter kuanzia alfajiri hadi usiku.

"Krismasi!" alisema Noreen. "Mjanja huyu. Nani alikwenda kuangalia? Nimepitia fomu zote arobaini na moja za mashahidi. Wanajua wamepita siku gani na mbwa gani. Lakini ukifika Krismasi, wote: nilikuwa nyumbani. Huyu hapa ameandika, 'Krismasi nina bata mzinga kwenye oveni na mama mkwe sebuleni, natembea wapi?' Bi Garside kila Krismasi huwa kwa bintiye, na ameandika hivyohivyo. Wangedanganya kidogo tu, wangeshinda."

"Hawawezi kudanganya."

"Najua. Ndiyo maana nawapenda, na ndiyo maana watashindwa. Hakuna shahidi hata mmoja wa Krismasi."

Enid aliweka hati mezani taratibu. Mama yake alizikwa kwenye makaburi yale mwaka sitini na sita, mwezi wa Novemba. Tangu hapo, kila asubuhi ya Krismasi, kabla mji haujaamka kwenye zawadi zake, alitembea Njia ya Tenter na shada la majani mabichi. Hakuwahi kumwambia mtu, mpaka sasa alipomwambia Noreen.

Shahidi alikuwepo. Alikuwa amevaa koti lililolowa, na cheo chake kilimkataza kufungua mdomo.

Saa nne Kiongozi wa Halmashauri, Diwani Desmond Haigh, aliingia bila kubisha. Alikuwa kondakta wa basi ujanani, na mpaka leo alisimama katikati ya chumba kama mtu anayetegemea sakafu itikisike. Alisoma darasa moja na Enid.

"Nimesikia una habari za Krismasi," alisema. Noreen aliinamisha kichwa. Ukumbini humo siri haikukaa dakika kumi. "Enid, mama. Usinifanyie hivyo."

"Kiapo kile si kweli, Desmond."

"Labda mzee amechanganya miaka. Ni mzee. Lakini nina ajira mia mbili pale. Mia mbili! Wajukuu wa hao hao mabibi zako. Unajua mjukuu wa Ivy Garside anafanya nini sasa? Hafanyi kitu. Analala mpaka saa saba."

"Kiwanda kijengwe. Mhandisi wetu aliwaambia Machi: sogezeni ukuta wa kiwanda hatua tisa, njia inabaki."

"Wanunuzi hawataki hatua tisa. Wanataka uwanja." Akaketi, akateremsha sauti. "Unastaafu Desemba. Wiki ijayo tunapiga kura ya kukupa heshima ya mji. Picha yako itatundikwa ukutani ngazini, mwanamke wa kwanza kati ya hao mababu wote wenye ndevu. Binti wa Albert Thackray mwenye ufagio! Kaa kwenye kiti chako leo, ukae kimya, kama ulivyokaa siku zote. Sikuombi jambo jipya."

"Na nisipokaa kimya?"

"Utawezaje kusema? Mshauri wa kikao hawezi kuwa shahidi wa kikao. Kanuni hiyo uliiandika wewe. Ukifungua mdomo pale mbele, wanasheria wa Crossfield watabatilisha uamuzi wote, na mabibi zako watapoteza palepale. Nimeuliza." Akasimama, akampigapiga bega kwa upole wa kweli. "Hakuna mlango hapo, mama. Kunywa chai."

Alipotoka, Enid alibaki akiitazama chai mpaka ikafanya utando. Alikuwa mtu wa haya. Tangu utoto, kusimama mbele ya watu kulimfanya asikie masikio yake yakipiga kama ngoma, ndiyo maana alipenda karatasi. Na Desmond alisema kweli: kanuni zile aliziandika yeye. Alizijua zote, hata zile ambazo Desmond hakupata kufungua kurasa zake.

Saa sita kasoro dakika sita alimwita Noreen. "Nipe fomu ya wananchi."

"Ipi?"

"Ile ya kuomba kuzungumza kikaoni. Mkazi yeyote, dakika tatu, mradi ameiwasilisha kabla ya saa sita mchana."

Noreen alielewa polepole, na alipoelewa alishika ukingo wa meza. "Bosi. Watakutoa roho. Hakuna picha, hakuna heshima, hakuna hata keki."

"Keki utaoka wewe. Pokea, uandike saa uliyoipokea."

Noreen aliandika: saa tano na dakika hamsini na saba. Kisha akaigonga muhuri.

Saa kumi na mbili na nusu jioni ukumbi ulikuwa umejaa. Wakazi wa Tenter walikaa benchi za nyuma na makoti yao yenye mvuke. Mbele, chini ya nembo ya mji, aliketi Meya, Wilf Lumb, mwuza nyama mstaafu, shingoni amevaa mkufu wa dhahabu uliomchoma kwa joto. Kulia kwake kilikuwa kiti cha Mtendaji Mkuu. Miaka kumi na mmoja Enid alikaa hapo, akimnong'oneza Meya la kusema.

Kilipofika kipengele cha saba, cha Njia ya Tenter, alimnong'oneza jambo la mwisho. Meya alimgeukia, macho yamemtoka.

"Unakwenda wapi?"

"Kule chini, Meya. Naibu wangu atakushauri kwenye kipengele hiki. Mimi nina maslahi yangu ndani yake."

Alivua beji ya kazi, akaiweka mezani, akashuka ngazi tatu za jukwaa. Ukumbi mzima ulisikia viatu vyake. Bi Garside alijisogeza kwenye benchi, akapapasa nafasi iliyokuwa kando yake kama anayemkaribisha jikoni.

"Mambo gani haya?" Haigh alikuwa ameshasimama. "Meya, hoja ya utaratibu! Mtumishi hawezi—"

Naibu, kijana mwembamba mwenye hofu, alifungua kitabu, akasoma, akameza mate. "Kanuni ya thelathini na moja, Meya. Mkazi yeyote. Haisemi mkazi asiwe mtumishi. Amekwishaondoka kwenye ushauri, na fomu ilifika kabla ya saa sita."

"Dakika tatu ngapi?" aliuliza Meya, amechanganyikiwa.

"Tatu tu, Meya."

"Basi na azungumze. Desmond, kaa chini, unanitia jasho."

Enid alisimama. Masikio yalipiga kama alivyojua yatapiga. Alikuwa na karatasi mkononi, akaikunja akaitia mfukoni.

"Naitwa Enid Thackray, nakaa Mtaa wa Tenter namba tisa. Mama yangu yuko makaburini pale. Nimepita njia ile kila asubuhi ya Krismasi tangu mwaka sitini na sita. Krismasi ishirini na saba. Sikukuta kufuli hata moja." Alitafuta uso wa Crossfield, akaupata mstari wa tatu. "Mwaka themanini na moja kulikuwa na theluji mpaka magotini. Ulikuwepo uwanjani na mbwa wako wa kahawia, Bwana Crossfield. Ulinishikilia geti kwa sababu nilibeba shada. Ukaniambia Krismasi njema."

Watu hawakupiga makofi. Walimgeukia tu Crossfield, na mzee huyo alitazama kofia iliyokuwa magotini pake, shingo imemwiva.

"Alikuwa anaitwa Bramble," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Yule mbwa."

Mnong'ono ulipita ukumbini. Haigh aliuona uwanja wake ukimponyoka, akampandishia Enid sauti, si kiongozi tena bali mvulana wa darasa lao.

"Miezi sita faili hili liko mezani kwako! Kurasa kumi na moja umetuandikia, Enid! Kurasa kumi na moja, na hukusema haya! Sasa ulikuwa unamaanisha nini mle ndani?"

Meya aliangalia saa. Ilibaki dakika moja na zaidi kidogo. Enid alishika mgongo wa benchi la mbele, na Bi Garside akaweka mkono wake mkavu juu ya mkono huo.

"Nilimaanisha njia ni ya watu," alisema, na sauti yake ilifika mpaka mlango wa mbele. "Nilimaanisha msiifunge, Desmond, si kwa kiapo wala kwa kiwanda, na mkiifunga mmewaibia. Niliogopa kuliandika. Sasa siogopi. Lifungueni lile geti."