Komeo la Nje

Pimamaji, mwashi wetu, alinipa mpaka Jumatatu. Aliyasema hayo bila kunitazama, huku akifuta mwiko wake kwa kipande cha gunia.

"Fundi mwenzangu, Jumatatu nabomoa ukuta wa jikoni, chumba kiungane na nyumba. Sasa hili tundu tunaloingilia, niambie moja. Nipandishe tofali mpaka kiunoni liwe dirisha, au niliache liwe mlango?"

"Nitakwambia."

"Hiyo 'nitakwambia' naisikia tangu msingi," akasema, akaenda zake.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mama. Tulikijenga nyuma ya jiko, na kama waashi wanavyofanya, ukuta wa nyumba ulikuwa haujaguswa. Huo hubomolewa mwisho kabisa ili vumbi lisihamie kwenye sufuria za watu. Kwa wiki tano njia ya kuingia ilikuwa moja tu, lile tundu la uani. Ubavuni kulikuwa na dirisha, nalo nilishalitia nondo za milimita kumi na sita, kati yake hapapiti hata kichwa cha mtoto mchanga. Mimi ni fundi wa kuchomelea, na mtaani wananiita Nondo. Nusu ya madirisha ya mtaa huu yamepita mikononi mwangu. Nilijivunia hilo, sifichi.

Mke wangu alitaka mlango.

"Choo kiko uani," alisema. "Mama ana magoti mabovu. Mpaka avuke jiko, sebule na kibaraza, si yatakuwa yameshamfika? Na jiko likishika moto, atatokea wapi?"

"Moto gani tena?"

"Baba watoto, mama alihamia hapa kwa sababu gani?"

Alihamia kwa sababu alisahau sufuria jikoni kwake mpaka pazia likaungua.

Lakini mke wangu hakuona nilichokiona mimi. Mwezi wa pili tangu ahamie, mama aliondoka mchana kweupe bila kuaga mtu. Tulimtafuta saa nne nzima. Nilimkuta mimi, ameketi ukingoni mwa barabara kuu karibu na shule aliyokuwa mtunza stoo kwa miaka thelathini na moja, amepakata mkoba, malori yanampita karibu mpaka upepo wake unamvua kilemba. Alikuwa anangoja geti la shule lifunguliwe. Ilikuwa Jumapili. Tangu siku ile nikisikia honi naacha hata chakula, naenda kumtazama alipo. Halafu mtu aniambie nimpe mama huyo mlango wake mwenyewe, wa kutokea bila kuonekana!

Wazo la kumuuliza mwenyewe lilikuwa la mke wangu. Kuna siku mama anakuwa mzima kabisa, ulimi mkali kama zamani, na ile ilikuwa siku ya namna hiyo. Alisimama katikati ya chumba, akatazama nondo zangu, akatazama tundu, akanitazama mimi.

"Dirisha la nondo, mlango mmoja, na ufunguo anao mtu mwingine," akasema. "Hiyo ni stoo, mwanangu. Nimefunga stoo maisha yangu yote. Leo mnataka mimi ndiye niwe mchele?"

Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka.

Basi nikafanya kile anachofanya mtu mwoga: nikawaridhisha wote juu juu. Nilitengeneza mlango. Wa bati nene, bawaba tatu. Na komeo nikaliweka kwa nje, na tundu la kufuli juu yake.

Mke wangu aliuona Ijumaa, bado uko mezani pangu pa kazi uani. Akalipapasa komeo kwa kidole.

"Kwa nje?"

"Ni usalama tu."

"Usalama wa nani? Mwizi yuko nje, komeo liko nje. Sasa hapa anafungwa nani?"

Nikawasha grenda ya kukatia chuma ili nisimsikie. Jumamosi asubuhi alichukua watoto akaenda kwa dada yake. Aliniachia chai kwenye chupa, na mama kwenye kiti chake juani.

Haikuwa siku nzuri ya mama. Alipoamka aliniita mwalimu. Alivaa sweta lake la buluu la kazini, mkoba ameuweka chini ya kiti, akawa ananitazama nikihangaika na mlango. Geti nilikuwa nimeliacha wazi kwa ajili ya lori la mchanga, ambalo kama kawaida ya malori ya mchanga lilikuwa "njiani" tangu juzi. Nilijiambia kwamba nipo hapa hapa, macho yangu yako kwake, ataenda wapi?

Mlango ukakaa vizuri. Nikatundika kufuli wazi kwenye komeo, ufunguo ndani yake. Ni lile la kubana kwa mkono, halihitaji ufunguo mpaka wakati wa kufungua. Kisha nikafanya nifanyavyo kwa kila mlango: nikaingia ndani na chaki na futi, nikaufunga, ili nione mwanga unapenya wapi. Panapopenya, hapo unaweka alama, hapo utarudia. Nilikuwa nimepiga magoti natia alama kwenye bawaba ya chini niliposikia kandambili.

Zikasimama nje ya mlango. Komeo likateleza. Kufuli likalia ta. Kisha likavutwa, mara mbili.

Nilipokuwa mdogo nilikuwa namsubiri mama mlangoni pa stoo kila jioni. Alikuwa akisukuma komeo, anabana kufuli, analivuta mara mbili, ufunguo unaingia mfuko wa sweta. Baada ya hapo hata mkuu wa shule hapati kwake punje ya maharage mpaka asubuhi, na ikiwa Ijumaa, mpaka Jumatatu. Mlango wenye komeo na kufuli linaloning'inia wazi ulikuwa kwake aibu. Nimelijua hilo tangu utoto, na bado nikamtundikia.

"Mama! Fungua, ni mimi."

"Stoo imefungwa," akajibu, kwa ile sauti yake ya heshima ya kazini. "Njoo Jumatatu na karatasi ya mwalimu mkuu."

Kwanza nilicheka. Naapa nilicheka. Kisha nikaenda dirishani, nikamwona anainama taratibu, anachukua mkoba chini ya kiti, anageukia geti.

Kicheko kikanikauka. Nilimwita mama, nikamwita kwa cheo chake, nikamwambia mwalimu mkuu ameshafika, nikamwomba asubiri chai. Alinipungia mkono kama unavyompungia mfanyakazi mwenzako saa za kutoka. Akapita getini. Kutoka kwetu mpaka barabara kuu ni mwendo wa dakika tano. Kwa magoti yake, kumi.

Simu ilikuwa mezani pa kazi, pamoja na grenda na nyundo, hatua sita kutoka dirishani. Mkononi nilikuwa na chaki. Nilizishika nondo nikazitikisa kwa nguvu zangu zote, nazo hazikutoa hata mlio. Kila kiungo nilikuwa nimekichomelea mara mbili. Nikaokota tofali, nikaanza kuupiga mlango kama mwendawazimu. Tofali linamegeka, naokota jingine.

Jirani yetu ni Dereva, mzee aliyestaafu kuendesha malori. Nikasikia sauti yake juu ya ukuta, imejaa hasira.

"Nondo! Hata Jumamosi? Mjukuu wangu amelala!"

Nikapiga zaidi. Dirisha lake likafungwa kwa kishindo.

Hapo ndipo hofu ilinishika kweli. Miaka ishirini uani kwangu panagongwa chuma. Hata ningegonga mpaka kesho, hakuna binadamu angekuja kuuliza kuna nini. Nikalitupa tofali, nikapachika mdomo katikati ya nondo, nikapiga yowe ambalo sikujua ninalo.

"Dereva! Nisaidie! Nakufa, Dereva!"

Alikuja. Alichungulia, akaona mikono yangu kwenye nondo, akaanza kutabasamu.

"Nondo ndani ya nondo! Nani amekuweka huko?" Macho yake yakaiona grenda. "Nilete hii nikate kufuli?"

Nilitamani. Nitakuwa mwongo nikisema sikutamani. Lakini Dereva hajawahi kushika grenda, na kumwelekeza kungekula dakika ambazo mama hakuwa nazo.

"Niache mimi! Mama ametoka. Ameenda barabarani. Mfuate, mzee wangu, kimbia!"

Tabasamu likatoweka usoni mwake. Akakimbia, kandambili moja ikabaki uani.

Nikabaki peke yangu. Sikuwa nimewahi kukaa ndani ya chumba kile mlango ukiwa umefungwa. Siku zote nilikuwa natazama kuta, sitazami kilichomo. Kilikuwa na harufu ya simenti mbichi. Mwanga wa dirishani ulikuwa umeanguka sakafuni, umekatwa vipande na nondo zangu. Nikawaza kwamba hapa ndipo nilipanga kumweka. Ningesukuma komeo kila jioni, nilivute kufuli, niende zangu kulala. Angeamka, angegonga, na mimi ningemjibu kwa heshima kabisa: mama, kumefungwa, ngoja asubuhi. Wala asingejua amekosa nini.

Ndipo honi ikalia. Ndefu. Kisha breki, zile breki za lori lenye mzigo, zinazolia kama chuma kinachokatwa. Kisha kimya.

Nilikaa chini. Kichwani nilimwona mama yuko chini, ufunguo wangu uko mfukoni mwa sweta lake, na watu wanapekua mfuko huo kutafuta yeye ni nani. Nilimwomba Mungu vitu ambavyo mtu mzima haombi. Nikaahidi kukata kila nondo niliyowahi kuchomelea. Sijui ilikuwa muda gani. Chaki ilikuwa imesagika mkononi mwangu ikawa unga.

"Taratibu mama, hapa kuna jiwe."

Ilikuwa sauti ya Dereva. Nikaruka dirishani. Alikuwa anaingia getini amembebea mama mkoba, mguu mmoja peku, na mama anatembea kando yake kama mkaguzi. Nyuma yao lilikuwa linanguruma lori la mchanga, lile lile, na mwendeshaji wake ameshuka, uso umempauka.

"Amesimama katikati ya njia," mtu huyo wa mchanga akaniambia kupitia nondo. "Katikati kabisa, fundi. Kutoka bampa mpaka kwake ni hivi." Akaonyesha kwa viganja viwili, na palikuwa padogo mno.

Dereva akamwomba mama ufunguo. Mama akaushikilia mfuko wa sweta.

"Karatasi iko wapi?"

"Karatasi gani, mama?"

"Hakitoki kitu stoo bila karatasi."

Dereva alinitazama, hajui la kufanya. Mimi nilijua. Pembeni kulikuwa na mfuko mtupu wa simenti. Nikachana kipande, nikaokota kijipande cha chaki kilichobaki kwenye unga ule, nikaandika kwa herufi kubwa: TAFADHALI TOA FUNDI MMOJA. Nikatia sahihi. Nikapitisha karatasi kati ya nondo.

Mama aliisoma yote, mstari mmoja ule, mara mbili. Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, akautoa ufunguo.

Mlango ukafunguka. Mama alinitazama pale kizingitini, nimejaa vumbi, macho mekundu, vidole vinatoka damu. Kitu kikarudi usoni mwake, nikaona ananijua.

"Mwanangu! Nani amekufungia humu?"

"Ni mimi mwenyewe, mama."

"Wewe mwenyewe?" Akanifuta vumbi kwa mkono wa sweta, kwa nguvu, kama alivyonifuta nikiwa wa darasa la kwanza. "Huna akili?"

Nililia mbele ya Dereva na mbele ya mtu wa mchanga, na sikujali.

Mke wangu aliporudi jioni alikuta komeo limehamia ndani. Sikumsimulia mara moja. Alinitazama vidole, akalitazama komeo, akaenda kuchemsha maji ya kunisafisha.

Jumatatu Pimamaji alikuja na mwiko wake.

"Haya. Dirisha au mlango?"

"Mlango."

"Na wa kutoka jikoni, nao utautia komeo?"

"Huo hata kitasa sitaki."

Getini nimechomelea kipande cha bomba na ulimi wa chuma. Geti likisogea, linalia kama kengele mpaka kwa Dereva. Ndiyo kinga niliyobaki nayo. Hainitoshi. Nikiwa kazini, kila likilia naacha kila kitu mikononi naenda getini kuangalia.

Siku mama alipohamia chumbani aliingia kwa mlango wa uani, akaufunga. Nilisikia komeo likiteleza upande wake. Kisha likavutwa, mara mbili. Nikawa nimesimama uani na mikono mitupu, sina ufunguo wowote.

"Mama?"

"Nipo, mwanangu. Wewe uko wapi?"

"Niko nje," nikamwambia, na sikuondoka pale mpaka mguu ukafa ganzi.