Mtamba Aliyezuiwa na Kichwa Chake

Mbeyu alikuwa na mtamba mmoja tu, Tunu, na ndugu yake Boga alikuwa keshampangia kisu. Arusi ya binti wa Boga ilikuwa baada ya mavuno, na wanaume wa mji walikubaliana kwamba ng'ombe asiyepandwa ni nyama inayotembea. Mitamba wa umri wa Tunu, pale kijijini Milalani, walikuwa na mimba. Yeye hata joto la kutaka dume hakuwahi kuingia. Dume likipita, aliendelea na nyasi zake kama mtu aliyepitwa na mchuuzi wa bidhaa asiyoitaka.

"Tasa huyo, dada," Boga alisema. "Unafuga shangazi."

Mamake Tunu alikufa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe, na Tunu akichinjwa uzao umekatika. Mbeyu akamwita daktari wa mifugo kutoka Matuga, Ishak, kijana aliyetoa shikamoo kabla hajateremka pikipiki. Ishak akavaa glavu ya mpira hadi begani, akatia mkono nyuma ya Tunu, akatulia kama apapasaye ufunguo gizani. Akasema mifuko ya mayai ni mizima. Mayai huanza kukua mle, kisha yananywea. Tunu si tasa, bado ni mtoto.

"Kama mayai yapo, nani kayafungia?"

"Kichwa chake, bibi."

Jibu hilo lilimtekenya Mbeyu. Akavuta kigoda, akataka aelezwe kama mtu ambaye hakulimaliza darasa la tano, maana ndivyo alivyokuwa. Ishak akasema kichwa hutuma homoni ya kuyaamsha mayai, na mayai hurudisha homoni yao kichwani. Kwa mtoto, hiyo inayorudi, hata ikiwa chembe, hukinyamazisha kichwa.

Mbeyu alifikiri kidogo. "Kama pilipili. Mtoto akionja chembe anasukuma sahani. Mtu mzima anaongeza."

Ishak akacheka, akasema ndiyo hasa. Mtamba akipevuka, chembe ile ile haikishtui kichwa tena. Kinatuma mara kwa mara, mayai yanakua, homoni yao inazidi, mpaka siku moja wingi wake, badala ya kukizuia kichwa, unakichochea kimwage homoni yake yote kwa mpigo. Hapo yai linatoka.

Na ulimi huo hukomaa lini? Ishak akapitisha kidole kwenye mbavu za Tunu. Umri, alisema, na shibe. Kichwa hakiachi utoto mwili ukiwa na njaa. Mbeyu akaitazama kamba fupi aliyomfungia Tunu tangu aachishwe ziwa, asije akala mihogo ya watu. Siku zote alidhani anamtunza.

Boga alikubali kungoja mpaka arusi, si zaidi. Mbeyu akaikata kamba, akawa mchungaji uzeeni, akimzungusha Tunu kwenye majani mabichi na kumpa machicha ya nazi jioni. Majirani walimcheka. Mbavu zikafunikwa. Joto, hakuna.

Wiki ya arusi Boga akaja na kamba yake. Alipoinama kuifunga, Tunu akaweka kidevu mgongoni mwake, akanyanyua miguu ya mbele, akampanda. Boga alijikuta mavumbini.

Mbeyu alicheka hadi akakaa chini. Akampigia simu Ishak, naye akasema mtamba akianza kupanda wengine ameingia joto, ila akaonya kwamba la kwanza huweza kuwa tupu. Wangoje la pili ndipo waite dume.

"Basi nitanunua mbuzi," Boga akasema, akijipangusa kanzu. "Lakini na wewe utachangia."

"Nitaleta pilipili," Mbeyu akamjibu.