Bira Sukari

Luhende aliondoka Jumanne asubuhi kwenda Usagara kufuata kimea cha mtama. Saa nane mchana mtu alipiga simu ya mama akauliza kama anamfahamu mwenye pikipiki nyekundu. Kaka yangu alikuwa na miaka thelathini na moja.

Alikuwa fundi wa kuchomelea, lakini nyumbani kwetu Igogo alitengeneza bia, kidogo kidogo, ya kunywa na ya kupikia. Alipokufa, ndoo moja ilikuwa bado inachacha jikoni. Baada ya mazishi nilisoma karatasi aliyobandika kwenye mfuniko: BIRA SUKARI. Luhende aliandika kama alivyosema, Kiswahili chenye Kisukuma ndani yake, kwa hiyo nilidhani ameandika bia kwa namna yake. Bia, sukari. Siku zote nilimwona akitia sukari kwenye chupa ili bia itoe povu. Nikatia kijiko cha chai kila chupa, nikabana vizibo. Zilikuwa chupa ishirini na mbili.

Mama alizipanga kwenye kreti chini ya meza ya jikoni, karibu na kiti chake. Alisema hazitaguswa mpaka siku ya arobaini, zifunguliwe na baba mdogo Shimba, naye amwage ya kwanza chini.

Siku ya arobaini ilipofika, saa nne asubuhi, nilifungua daftari la Luhende nione alivyokuwa akikaanga samaki. Aliandika: “Sato mmoja, bira magamba. Unga vikombe viwili, bia ya baridi kikombe kimoja.”

Nikarudia kusoma. Bia alijua kuiandika. Bira ilikuwa bila.

Nikatafuta ukurasa wa ndoo ile. “Asali nimetia. Povu itatosha.” Mimi nilikuwa nimeongeza sukari juu ya asali, nikafunga, na chupa zimekaa mwezi mzima kwenye jiko la joto.

Mama alikuwa anamenya vitunguu, magoti yamegusa kreti.

“Mama, toka hapo.”

“Nitoke niende wapi? Vitunguu vitajimenya?”

“Chupa zitapasuka. Nimekosea, nilitia sukari.”

“Mwezi mzima hazijapasuka, zipasuke leo? Zinamngoja Shimba.”

“Baba mdogo amefika wapi?”

“Anasema yuko Igoma.” Akacheka kidogo. “Shimba akisema yuko Igoma, ujue bado anatafuta viatu.”

Chupa moja ikapasuka. Vigae viligonga mbao za meza kwa chini, na kimoja kikachana kanga ya mama hapo gotini. Damu ikatoka, si nyingi. Hakuinuka. Aliweka kiganja juu ya kreti kama mtu anayemtuliza mtoto.

“Toa mkono, mama.”

“Ndizo za mwisho, Hellen.”

“Najua.”

“Ukizifungua zitamwagika zote.”

“Najua, mama.”

Ndani ya kreti kizibo kimoja kilikuwa kinapiga mluzi mwembamba. Tulikuwa tunausikia wote wawili. Mama alinitazama mimi, hakutazama chupa, kisha akainuka, akaingia chumbani kwa Luhende, akarudi na blanketi lake na miwani ya kuchomelea.

“Lowesha hili,” alisema. “Na uvae hiyo.”

Nilifunika kreti kwa blanketi lililolowa, nikaivuta taratibu mpaka uani. Nilipenyeza mkono chini ya blanketi, nikalegeza kizibo kimoja kimoja. Povu liliruka hadi viwikoni. Zikapasuka tatu nyingine, blanketi likazizuia. Kila niliponyamaza, mama aliuliza kutoka nyuma ya mlango, “Vipi?” nami nikajibu, “Bado nipo.”

Chupa zilizofunguka nzima nilizimimina kwenye sufuria. Povu lilipotulia, bia haikufika hata nusu ya sufuria.

Baba mdogo Shimba alifika saa saba. Alichungulia sufuria akauliza, “Ndiyo yote?”

“Ndiyo yote, shemeji,” mama alisema. “Usiulize.”

Baba mdogo alichota kikombe, akamwaga kidogo chini, akalitaja jina la Luhende. Kilichobaki mama alikichanganya na unga mwenyewe, akachovya sato, akakaanga. Watu walikula wakasifia, wakauliza unga umetiwa nini.

Hakuna chupa hata moja iliyobaki. Siku hizi sato tunakaanga kwa unga na maji.