Miwani ya Penseli

Msimu ule kiongozi wa okestra alikuwa na maonyesho saba ndani ya wiki tano, na kalenda iliyobandikwa kwenye mlango wa friji ilikuwa na madoa mekundu kama mtoto mwenye surua. Onyesho la ufunguzi, onyesho la wanafunzi, ziara ya miji mitatu, onyesho la kuchangia hospitali, na mwisho wa yote, Jumapili alasiri, simfonia ndefu ya kufungia msimu. Chini ya kalenda, sumaku ilishikilia mkataba wa msimu ujao. Meneja alishauleta wiki mbili nyuma, ukawa unangoja sahihi tu. Mzee aliuacha pale makusudi, maana mtu wa miaka sitini na saba anayebembelezwa ana haki ya kuringa kidogo.

Wanamuziki walimwita Mwalimu akiwapo na Mzee Fimbo akiondoka. Alilijua hilo jina na alilipenda, ila hakuwahi kukiri.

Sasa, watu wa okestra wana desturi yao. Pale penye hatari, mahali ambapo mpigaji lazima anyanyue macho kutoka kwenye nota amtazame kiongozi, huchora miwani ndogo kwa penseli juu ya mstari. Katika simfonia ile, miwani ya hatari kuliko zote ilikuwa ukurasa wa arobaini na moja. Hapo okestra nzima hunyamaza. Hakuna kuhesabu. Kimya hudumu kadiri kiongozi apendavyo, halafu mkono wake ukishuka, watu sitini huingia pamoja kwa sauti ya chini kabisa. Anayetangulia ameumbuka mbele ya ukumbi mzima.

Alhamisi, kwenye mazoezi, waliingia kama mtu mmoja. Mzee alirudi kwenye chumba chake kifua mbele.

"Umekiona kile kimya?" alimuuliza mkewe. "Mkono huu bado una mambo yake."

Mkewe ndiye aliyeongoza violini za kwanza, mwaka wa ishirini na sita sasa kwenye kiti kile kile, na okestra nzima ilimwita Mama. Alikuwa anafuta vumbi jeupe la ulimbo wa upinde kwenye nyuzi za violini yake.

"Nimekiona," alisema. "Kula, chakula kinapoa."

Mchana huo mzee alikwenda stoo ya nota, mwisho wa ukumbi, kuhakiki sauti moja ya filimbi iliyomtia shaka. Mtunza nota alikuwa amekwenda kuchukua chai. Mzee akafungua jalada la mpiga filimbi, akapekua hadi ukurasa wa arobaini na moja, na hapo mkono ukasimama. Miwani ilikuwa imefutwa. Kivuli chake kilionekana bado, na kando yake kulikuwa na mshale na maneno mawili: Mtazame Mama.

Alicheka. Mpiga filimbi alikuwa mkaidi tangu zamani. Akafungua jalada la violini za pili. Miwani imefutwa. Tarumbeta, imefutwa. Mpiga ngoma, mtu asiyejua kuficha neno, alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: MKONO UNADANGANYA. MTAZAME MAMA. Jalada la mkewe tu halikuwapo, kwa kuwa yeye huwa anakwenda nalo nyumbani kufanyia mazoezi.

Mtunza nota aliingia na kikombe chake, akaona majalada yamefunguliwa mezani.

"Tangu lini?" mzee aliuliza.

"Mwalimu, sijui nani..."

"Sikuulizi nani. Nakuuliza tangu lini."

Mtunza nota aliweka kikombe chini taratibu. "Tangu msimu uliopita. Ile siku mpiga filimbi aliingia peke yake. Mkono wako, Mwalimu, unashtuka kabla ya kushuka. Watu wanaona unashuka mara mbili, hawajui washike upi."

Mzee aliikumbuka siku ile vizuri. Alikuwa amemkaripia mpiga filimbi mbele ya wenzake wote, na yule bwana alikuwa ameinamisha kichwa akasema, "Samahani, Mwalimu." Kumbe alikuwa amembebea lawama.

Hakumwambia mkewe kitu. Siku tatu alizungumza naye habari za pasi na shati na gari. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa ya mkono. Watu sitini walikuwa wamemchezea shere mwaka mzima, na kinara wao alikuwa analala ubavuni mwake. Akakata shauri. Jumapili, kimya kikifika, hatausogeza mkono kabisa. Wakiingia bila yeye, basi hana kazi pale, na karatasi ya meneja itarudi bila sahihi.

Jumapili ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Muziki ulikwenda vizuri, na mzee, pamoja na uchungu wake, aliufurahia. Ukurasa wa arobaini na moja ukafika. Okestra ikanyamaza.

Aliubana mkono wa kulia ubavuni. Hakumtazama mtu. Aliacha kimya kiwe kirefu kama alivyokitaka tangu ujana, kirefu hadi mtu mmoja huko nyuma akameza kikohozi chake. Akasikia moyoni kwamba sasa kimetosha. Na hapo hapo, bila mkono, watu sitini wakaingia pamoja, kwa sauti ya chini kabisa.

Machozi yalimtoka. Waliokaa viti vya mbele walidhani ni muziki.

Makofi yalipokwisha, meneja alimdaka nyuma ya jukwaa. "Mwalimu, ile karatasi yetu?"

"Nitakujibu kesho," mzee alisema, akampita.

Jukwaani alibaki mkewe peke yake, akilegeza upinde kati ya viti vitupu. Mzee alikaa kwenye kiti cha jirani yake.

"Pale sikuwaongoza," alisema.

"Najua."

"Na mliingia."

"Tuliingia."

"Basi kazi yangu hapa imekwisha. Lakini mngeniambia, mama watoto. Wewe hasa, ungeniambia."

Mkewe aliligeuza jalada lake kwenye stendi ya nota, akalifungua ukurasa wa arobaini na moja. Miwani ilikuwapo. Haikufutwa. Ilikuwa imepitiwa kwa penseli tena na tena hadi karatasi ilikaribia kutoboka, na chini yake, kwa mwandiko mdogo alioujua mzee kuliko wake mwenyewe: Usitazame mkono. Tazama kifua. Akivuta pumzi, twende.

Alisoma mara mbili.

"Pumzi?"

"Mkono wako umeanza ukaidi, mume wangu. Lakini kabla ya kutaka sauti huwa unavuta pumzi, na hiyo haijakosea hata siku moja. Wao wananitazama mimi. Mimi nakutazama wewe. Leo umeivuta kama kawaida."

"Mbona mimi sijui kama navuta pumzi?"

"Utajuaje? Wewe ukilala unakoroma. Anayebaki macho anasikiliza ni mimi."

Mzee alikaa akiitazama ile miwani. Hasira ya siku tatu ilikuwa inamtoka, na aliona haya kwamba alikuwa ameibeba.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeanza kuivuta kwa makusudi, ukaiharibu."

"Sasa si umeniambia?"

"Ndiyo maana tuna miezi mitatu kabla ya msimu ujao," mkewe alisema, akifunga sanduku la violini. "Utafanya mazoezi ya kusahau."

Mzee alimbebea sanduku hadi kwenye gari. Mlangoni walikutana na mpiga filimbi akivaa koti, na mzee akasimama, akamwomba radhi kwa maneno machache kwa lile karipio la msimu uliopita. Mpiga filimbi alisema hakumbuki kitu, jambo ambalo wote watatu walijua ni uongo.

Nyumbani, hata koti hajavua, alichomoa karatasi ya meneja chini ya sumaku, akaitia sahihi juu ya friji. Mkono ulishtuka mara mbili na jina likatoka limepinda, lakini lilisomeka.